Bafu la joto Tanga: jagi, shawa ya umeme, tangi la maji moto au jua?

Watu wa mbali wakisikia Tanga wanafikiria joto tu, na kama wanaongelea Februari hawajakosea. Lakini mkoa huu una baridi mbili. Kuna ya pwani, kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikiwa imeshika: anayeoga kabla ya adhana ya alfajiri anakuta maji ya tangi la juu yamepoa na upepo unapita bafuni kama kawaida yake. Na kuna ya mlimani, ambayo haina mchezo. Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hadi 7 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo ukitoka Tanga mjini ukapandia Mombo hadi Lushoto, umeacha nyuzi kama 9 za joto nyuma yako. Ukiendelea hadi Magamba, unaacha na nyingine.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue nini ili bafu lake liwe na joto, kwanza namuuliza anakaa wapi, halafu nani anaoga. Kijana wa Makorora, Tanga mjini, anayekimbilia kazini, mzee wa Soni, kule mlimani, mwenye magoti yanayouma, na mama mzazi ambaye hajamaliza arubaini, hawa hawawezi kupewa jibu moja.

Ziba upepo kwanza

Wengi wanaanza na hita. Mimi naanza na ukuta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu isiyo na gharama kubwa na ndiyo inayorukwa.

Mtu aliyelowa anapoa kwa sababu maji yanayokauka kwenye ngozi yanaondoka na joto lake, na upepo ndio unaoyakausha haraka. Sasa angalia bafu zetu zilivyojengwa. Tofali za matundu juu, dirisha la vioo vya kukunja ambavyo viwili havifungi, mlango uliokatwa chini ukaacha nafasi ya vidole vinne, na juu hakuna dari, ni bati tupu. Kwa mwezi wa Januari ujenzi huo ni sahihi kabisa. Kwa Julai ya Lushoto, unaoga nje huku umezungukwa na ukuta.

Chukua bafu la kawaida, mita 1.5 kwa 2, kimo mita 2.5. Hewa iliyomo ndani ni kama kilo 9 tu. Kuipandisha hewa hiyo nyuzi 10 kunahitaji joto linalokaribiana na la kuchemsha kikombe kimoja cha chai. Maana yake ni kwamba bafu likizibwa vizuri, mvuke wa ndoo yako mwenyewe unatosha kulipasha. Lisipozibwa, hewa uliyoipasha inatoka kwenye matundu na mpya ya baridi inaingia, na hapo hata hita ya kilowati 2 inapasha joto kiwanja cha jirani.

Kazi yenyewe ni ndogo. Mlangoni chini, pigilia kipande cha mpira. Kwenye matundu ya juu, weka kibao au plastiki ngumu inayofunguka na kufungwa, usiyazibe kwa saruji, kwa sababu baada ya kuoga lazima unyevu utoke. Pwani hasa, bafu lisilopumua huota ukungu mweusi kwenye kona ndani ya muda mfupi. Funga wakati wa kuoga, fungua ukimaliza. Kama paa ni bati tupu, dari ya plastiki inavumilia unyevu kuliko ya jasi. Na chini weka kichanja cha mbao: marumaru na saruji hunyonya joto la unyayo kwa kasi, mbao hainyonyi hivyo. Mzee akikanyaga mbao na si marumaru, nusu ya malalamiko yake yameisha kabla hujagusa umeme. Kihakikishe tu kichanja kisiteleze, na ukianike juani mara kwa mara.

Ndoo moja inahitaji joto kiasi gani

Bila hesabu hii mtu anachagua kwa kusikia. Ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga ni nyuzi kama 40. Mlimani, wakati wa baridi, maji yanaweza kutoka bombani yakiwa nyuzi 16. Kuyafikisha 40 kunahitaji umeme wa uniti 0.56. Tanga mjini, maji yakiwa nyuzi 25, ni uniti 0.35. Familia ya watu watano wa Lushoto, kila mtu ndoo moja kwa siku, ni uniti 84 kwa mwezi. Watano hao wakiwa Chumbageni, Tanga mjini, ni uniti 52 au 53.

Namba hizo zina maana kubwa kwa walio kwenye kundi la D1 la TANESCO, lile la nyumba zinazotumia umeme kidogo. Hapo uniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja, ambayo kwa kodi na tozo inafika 122. Ukivuka 75, zinazozidi ni shilingi 350, na kwa kodi na tozo zinakaribia 427. Kwa hiyo ile familia ya Lushoto ikiogea maji ya umeme peke yake, imeshavuka mpaka kabla ya friji, taa na pasi. Ndoo iliyokuwa ya shilingi 68 inakuwa ya 239. Walio kwenye T1, kundi la matumizi ya kawaida, hawana mpaka huo: kwao uniti ni 292 kabla ya kodi, na ndoo moja ya mlimani, kodi na tozo zikiwemo, ni kama shilingi 200 kila siku ya mwezi.

Angalia risiti yako ya LUKU ya mwezi uliopita. Kama unatumia uniti 30 au 40, una nafasi ya kuogea umeme kwa watu wawili, labda watatu. Kama uko kwenye 70, kila ndoo utakayoongeza utailipia bei ya juu.

Jagi, gesi na mkaa

Hizi tatu nazihesabu pamoja kwa sababu kazi yake ni moja: unachemsha maji kidogo, unachanganya na ya baridi. Kwa ndoo ya lita 20 mlimani unahitaji lita 6 za maji yaliyochemka na 14 za baridi. Pwani lita 4 na robo zinatosha. Lushoto maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa sababu ya kimo, lakini kwa kuoga haileti tofauti.

Wengi wanaamini gesi ni rahisi kuliko umeme. Kwa kupika inategemea unapika nini, lakini kwa maji ya kuoga sivyo. Jiko la gesi la kawaida hupeleka karibu nusu tu ya joto lake kwenye sufuria, nusu nyingine inapita pembeni. Ndoo moja ya mlimani inakula gramu kama 90, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ni ndoo 65 hivi. Kama unajaza kwa shilingi 24,000, kila ndoo ni karibu 370. Jagi la umeme linapoteza kidogo sana, kwa sababu koili iko ndani ya maji yenyewe. Hata kwa bei ya T1, jagi linaishinda gesi. Gesi inabaki na sifa moja ambayo siidharau: umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri, yenyewe ipo.

Udhaifu wa jagi ni ukubwa. La lita 1.7 utalijaza mara tatu kwa ndoo ya pwani, mara nne kwa ya mlimani. Kwa mtu mmoja au wawili ni sawa. Kwa watu sita asubuhi ya shule ni vurugu.

Mkaa ni theluthi moja ya kilo hivi kwa ndoo, ukitumia jiko la bati la kawaida, na hapo sijahesabu ule unaoungua wakati jiko linashika. Siupendekezi kama njia ya kila siku. Lakini najua nyumba nyingi jiko la mkaa limeshawashwa kwa chakula, na joto linalobaki baada ya kuepua maharage ni bure. Bandika sufuria ya maji juu yake, ifunike, uogee. Hiyo ni akili ya nyumbani na haina ubaya wowote, mradi jiko linabaki uani.

Nasema linabaki uani kwa sababu hapa ndipo ninapoogopa. Kuna nyumba ambazo jiko la makaa linaingizwa bafuni au chumbani ili mama mzazi akandwe kwenye joto, au ili kichanga kisishikwe na baridi. Nia ni njema na mkono ni wa upendo. Lakini makaa yanayowaka, hata yale mekundu yasiyotoa moshi, yanatoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anasinzia, na aliyesinzia hapigi kelele. Na bafu tuliloliziba upepo ndilo hatari zaidi. Ukitaka kumkanda mzazi, chemsha maji nje, ingiza maji, acha jiko huko huko. Ukiziba bafu lako kama nilivyoeleza, jiko lisivuke kizingiti kabisa, hata kwa dakika tano.

Kwa mtoto mchanga, maji yawe nyuzi 37 au 38, yapimwe kwa kiwiko. Na beseni lianze na maji ya baridi ndipo yaongezwe ya moto. Ukianza na ya moto ukageuka kuchukua kopo, mkono wa mtoto unaweza kufika kabla yako.

Koili ya kutumbukiza ndooni

Ni rahisi kununua, inapasha ndoo nzima kwa mara moja, na kwa hesabu ya uniti ni sawa na jagi. Siitaki nyumbani kwangu. Koili iliyopasuka ganda hupeleka umeme kwenye maji yote, na mtu hupima joto la maji kwa kidole, hiyo ni tabia yetu sote. Mtoto anayeona ndoo hajui kama kuna umeme. Kama ndiyo uliyonayo, ndoo iwe ya plastiki, kaa pale pale hadi iishe, na chomoa soketini kwanza kabla ya kugusa chochote.

Shawa ya umeme

Hii ni ile inayofungwa ukutani au kwenye mdomo wa bomba na kupasha maji yanapopita. Haina tangi, haipotezi joto usiku, na unalipa kwa unachooga tu. Kwa pwani ni chaguo zuri mno. Lakini ielewe.

Shawa ya kilowati 5.5 ikipitisha lita 4 kwa dakika inayapandisha maji nyuzi 20 hivi. Tanga mjini, maji ya nyuzi 25 yanafika 45, utalazimika kupunguza. Lushoto, maji ya nyuzi 16 yanafika 36, vuguvugu lisiloridhisha. Ili upate 42 lazima upunguze maji hadi lita 3 kwa dakika. Halafu kuna umeme mdogo wa jioni. Nguvu ya shawa haishuki sawa na volti, inashuka zaidi: volti 230 zikiwa 200, kilowati 5.5 zinabaki kama 4.2. Aliyeko mlimani anunue yenye kilowati nyingi, au ajue mapema kwamba wakati wa baridi kali itamtolea maji kidogo.

Nayo inataka msukumo wa maji. Tangi likiwa limekalia dari juu kidogo tu ya kichwa chako, swichi yake ya ndani haishtuki na maji yanatoka ya baridi. Uliza muuzaji kimo kinachohitajika kabla ya kulipa, kisha pima nyumbani toka chini ya tangi hadi kwenye shawa.

Waya ndio kesi kubwa. Shawa ya 5.5 inavuta ampea 24. Nilisimama na fundi mmoja Ngamiani akifungua shawa ya jirani iliyozimika ghafla. Alipotoa kifuniko, kiungio cha plastiki kilikuwa kimeyeyuka kikashikana na waya, ganda la waya limekuwa jeusi na linavunjika ukiligusa. Akamwambia mwenye nyumba, "Mama, shawa haina kosa. Huu waya ni wa soketi." Ulikuwa wa milimita 2.5. Shawa inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, usiopungua milimita 4, na 6 kama njia ni ndefu, na saketi breka yake ya ampea 32. Lazima iwe na waya wa ethi unaofika ardhini kweli, na ile breka inayokata umeme unapovuja. Fundi akikwambia ethi si lazima kwa sababu shawa ni ya plastiki, tafuta fundi mwingine.

Piga hesabu ya waya, breka na ufundi pamoja na bei ya shawa. Mara nyingi kazi ya umeme inazidi bei ya kifaa chenyewe, na hapo ndipo watu wanapokata kona.

Tangi la maji moto

Tangi la umeme la lita 50 linakaa ukutani, lina koili ya kilowati 1.5 au 2. Kulipasha toka nyuzi 16 hadi 60 ni uniti 2.6 hivi, na kwa koili ya 1.5 ni saa moja na dakika arobaini. Ukichanganya na ya baridi unapata ndoo nne na nusu za maji ya kuoga. Haliuliziulizi volti, halihitaji waya mnene kama wa shawa, na linatoa maji mengi kwa kasi unayotaka. Kwa familia kubwa ya mlimani mimi naliweka mbele ya shawa.

Kasoro yake ni kuachwa likiwaka. Tangi linavuja joto saa 24 hata kama hakuna anayeoga, na uniti zinaondoka kimyakimya. Liwashwe saa kumi alfajiri, lizimwe watu wakianza kuoga. Swichi ya saa inafanya kazi hiyo bila mtu kuamka. Vali ya usalama isizibwe kamwe, hata ikidondosha matone: ndiyo inayozuia tangi lisipasuke. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo bomba la baridi lifunguliwe kwanza.

Pwani kuna jambo jingine. Anayetumia maji ya kisima chenye chumvi atabadilisha koili na ile fimbo ya magnesi ya ndani, inayolika na kutu badala ya tangi, mapema kuliko jirani yake anayetumia maji ya bomba. Kama maji yako yana chumvi, nunua tangi ambalo vipuri vyake unaviona dukani Tanga, si la kuagiza.

Jua

Hita ya jua, ile ya paneli na tangi la maji juu ya paa, kuinunua ndiyo ghali kuliko zote, kuitumia karibu bure. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai, tunapoyahitaji maji moto, jua la mchana liko upande wa kaskazini. Paneli ielekezwe kaskazini. Nimeona zilizoelekezwa kusini kwa sababu tu paa la huko lilikuwa rahisi kupanda.

Pwani, kwa nyumba yako mwenyewe yenye watu wengi, jua ndilo ningelipa kipaumbele. Tangi lake limefunikwa vizuri, maji ya jana mchana yanakuwa bado moto alfajiri. Lushoto ni hadithi nyingine: ukungu na mawingu vinakaa mlimani miezi ile ile ya baridi. Huko jua linahitaji koili ya umeme ya kusaidia, na ndipo faida inapopungua.

Wapangaji wa mjini wana jua lao lisilo na gharama. Dumu jeusi la lita 20 likiachwa juani toka asubuhi, saa kumi jioni maji yake yanaogesha watoto bila kuongeza kitu.

Hita ya kupasha hewa

Sitakaa sana hapa. Hita ya feni ya kuweka chini isiingie bafuni, ni umeme karibu na maji. Inayofaa ni ya miale, ya kufungwa ukutani juu ya mlango, iliyotengenezwa kwa ajili ya bafu na yenye kamba ya kuvuta. Inampasha mtu moja kwa moja. Juu mlimani, Mtae au Magamba, nyumba yenye mgonjwa au mzee sana, inafaa. Pwani sioni sababu.

Ningechagua hivi

Mpangaji wa Tanga mjini, peke yake au na mwenza: jagi, mpira chini ya mlango, basi. Kifaa unahama nacho. Nyumba yako Tanga mjini, watu watatu au wanne, uniti zimeshavuka 75 au uko T1: shawa ya umeme yenye waya sahihi. Ukiwa na uwezo na nyumba imejaa, jua. Lushoto, familia kubwa: tangi la lita 50 lenye swichi ya saa, gesi ikiwa akiba ya siku umeme hakuna.

Na bibi? Wa kwetu yuko Soni, na wajukuu walitaka kumfungia shawa. Alikataa. "Inanimwagia mgongoni, miguu inabaki na baridi," alisema, na alikuwa sahihi: akiwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji moto na kata mkononi, mwili wote unapata joto kwa maji machache. Kwa hiyo fedha ile ilikwenda kwenye dari ya plastiki, kichanja cha mbao, kishikio cha chuma ukutani na jagi kubwa. Anaoga saa kumi jioni, kabla baridi haijashuka, mlango umefungwa na kanga yake ikining'inia ndani, si nje kwenye kamba.